Kazi Ichague Gari, Si Cheo

Gari ni chombo cha kazi, kama lilivyo jembe, cherehani au ngalawa. Hapana mtu anayeubisha ukweli huu kwa maneno, lakini wapo wengi wanaoukana kila siku kwa vitendo. Mkulima anaponunua jembe huutazama udongo wa shamba lake. Haulizi jirani yake mwenye cheo analimia jembe la namna gani. Mvuvi wa dagaa hahangaiki kuunda jahazi la kwenda Bara Hindi. Lakini linapofika suala la gari, hata msomi aliyefundishwa hesabu kwa jasho la wakulima huzisahau hesabu zake zote, akachagua kwa macho ya watu na kuiacha kando shughuli iliyo mbele yake.

Wapo watakaodhani kwamba jambo hili ni dogo, la mazungumzo ya barazani. Sivyo. Linahusu mafuta ambayo taifa huyanunua nje kwa fedha za kigeni. Linahusu fungu la idara ambalo kila mwaka husemwa kuwa halitoshi. Linahusu pia mshahara wa mwalimu na mafao ya mtumishi anayestaafu baada ya miaka thelathini ya chaki au ya faili. Kosa la kuchagua gari lisilofaa hulipwa na mtu fulani, na mara nyingi anayelipa siye aliyechagua.

Magari ya matumizi ya kila siku yako ya namna nne, na kila namna ina kazi yake halali. Liko gari dogo, ambalo hubeba watu wanne au watano kwenye barabara nzuri kwa mafuta machache. Liko gari refu la porini, lenye nguvu katika magurudumu yote manne, ambalo wananchi wamelibatiza jina la shangingi. Yako magari ya mizigo, tangu pikapu na kirikuu mpaka Kenta na Fuso. Na yako magari ya kubeba watu wengi, kama vile Noah, Haisi na Kosta. Hakuna lililo bora kuliko jingine kwa asili yake. Ubaya huanza pale gari la kazi moja linapopewa kazi ya jingine, na hasa pale gari linapopewa kazi isiyokuwa kazi hata kidogo, yaani kazi ya kumtukuza aliyemo.

ASILI YA KASUMBA

Kasumba hii ina historia yake. Landrover ya kwanza ilionyeshwa Ulaya mwaka 1948, na haukupita muda mrefu ikawa ndiyo farasi wa utawala wa kikoloni katika Afrika. Mwanakijiji wa Tanganyika alipoona vumbi la gari hilo likija kwa mbali alijua kwamba anakuja Bwana Shauri, na ya kwamba ujio wake una habari ya kodi au ya kesi. Gari lile lilikuwa na sababu ya kuwapo, kwa kuwa barabara hazikuwapo. Hata hivyo watu wakajifunza jambo jingine pamoja na hilo: kwamba mwenye amri hukaa juu, na asiye na amri husimama kando ya njia akila vumbi.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, wapo waliodhani kwamba kumrithi mkoloni ni kukirithi na kiti chake. Ndipo lugha ya Kiswahili, ambayo haikosi jina la kumpa mtu mwenye majivuno, ikawaita Wabenzi, kwa jina la gari walilolipenda kuliko wapiga kura wao. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwakumbusha viongozi kwamba wao ni wakulima na wafanyakazi, na kwamba unyonyaji hauna mahali katika uongozi. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, mwendo wa siku kadhaa, kuliunga mkono Azimio hilo. Hakuna aliyemwona njiani akasema kwamba heshima ya Rais imepungua. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukarudia somo hilo kwa kuwakataza viongozi majivuno na dharau kwa wale wanaowaongoza.

Ni ajabu ya historia kwamba mwaka huo huo wa 1967 kiwanda cha Toyota kilitoa Land Cruiser mpya ya umbo la stesheni wagoni, yaani gari la porini lililofanywa kuwa na starehe ya gari la mjini. Land Cruiser ilikuwa imeanza mwaka 1951 kwa mfano wa magari ya jeshi ya aina ya Jeep, na sifa yake ya kwanza ilikuwa kupanda mlima Fuji mpaka kituo cha sita. Lilikuwa gari la askari polisi na watu wa misitu. Kadiri miaka ilivyopita likaongezewa viti vya ngozi, hewa baridi na injini kubwa, hata likafika mahali ambapo wengi wanaolipanda hawajui hata kitufe cha kuunganisha nguvu ya magurudumu ya mbele kipo wapi. Wabenzi walishuka kwenye Benzi wakapanda shangingi. Gari limebadilika, mtu ni yule yule.

GARI LA PORINI LIMELALA MJINI

Twende kwenye hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Shangingi la V8 lililozoeleka katika ofisi nyingi lina injini ya dizeli ya lita nne na nusu. Gari dogo la kawaida lina injini ya lita moja na nusu. Kwa makadirio ya kawaida ya madereva, gari dogo hutembea kilomita 12 hadi 15 kwa lita moja ya mafuta katika safari ndefu, na shangingi hutembea kilomita 7 au 8. Kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma ni kilomita zipatazo 450. Gari dogo litamaliza safari hiyo kwa lita 30 hadi 38. Shangingi litadai lita 56 hadi 64. Kwenda na kurudi, tofauti hukaribia lita 50, na mara nyingi aliyebebwa ni mtu mmoja na mkoba wake. Bado hazijahesabiwa tairi, ambazo ni kubwa na ghali kwa kila moja, wala vipuri, wala bei ya gari lenyewe.

Tanzania haichimbi mafuta ya petroli. Kila lita inayochomwa imenunuliwa kwa fedha iliyopatikana kwa korosho, kahawa, dhahabu na watalii. Watu wazima wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, fedha za kigeni zilipokauka hata magari ya watu binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Vijana nao wameonja sehemu ya uchungu huo. Mwaka 2022, bei ya mafuta ilipopanda duniani baada ya vita vya Ukraine, Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kuwapunguzia wananchi makali. Mwaka 2023 dola ziliadimika katika mabenki, na wafanyabiashara wakahangaika kulipia bidhaa. Katika hali kama hiyo, anayechoma lita mbili mahali panapotosha lita moja hachezei fedha ya ofisi peke yake; anagusa dawa ya hospitali na mbolea ya mkulima, ambazo nazo hungoja dola hizo hizo.

Lakini hesabu inayouma kuliko zote ni ya mahali magari yalipo. Tembelea Mji wa Serikali, Mtumba, siku yoyote ya kazi. Barabara ni lami, njia za ndani ni lami, na mbele ya majengo yamepangwa magari yaliyoundwa kuvuka mito na kupanda miamba. Kisha nenda kwenye kata iliyo pembezoni wakati wa masika, ambako mto umekata njia na utelezi umefika vifundoni. Huko mratibu wa elimu kata anasukuma pikipiki. Afisa ugani naye yuko juu ya pikipiki, na ni vyema kukiri kwamba Serikali iliwagawia watumishi hao pikipiki kwa wingi, waratibu wa elimu mwaka 2018 na maafisa ugani mwaka 2022, na hatua hiyo iliwainua wengi waliokuwa wakitembea kwa miguu. Hata hivyo mpangilio mzima unabaki umepinduka: gari la porini limelala mjini, na porini hakuna gari.

Kuna na desturi nyingine ambayo si siri kwa dereva yeyote wa umma. Mkubwa husafiri kwa ndege, na gari lake hutangulia kwa barabara likiwa tupu, ili akishuka alikute limesimama linamngoja. Nchi hulipia safari mbili ili mtu mmoja afike. Tangu Julai 2024 treni ya umeme imekuwa ikienda Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa chache. Reli hiyo imejengwa kwa fedha nyingi za wananchi. Mtumishi anayeipita stesheni kwa shangingi la Serikali kwenda kwenye mkutano ule ule ambao treni ingemfikisha, anaipuuza kazi kubwa iliyofanywa na Serikali yake mwenyewe.

MAJIBU YA WATETEZI

Watetezi wa mashangingi hawakosi hoja, na ni haki hoja zao zipimwe.

Hoja ya kwanza ni barabara. Husemwa kwamba nchi ni kubwa na njia ni mbovu. Hoja hii ilikuwa na nguvu kubwa mwaka 1975. Leo imebaki na nguvu mahali fulani tu. Makao makuu ya mikoa mingi yameunganishwa kwa lami, na hata ile njia ya Dodoma mpaka Babati, iliyowatesa wasafiri kwa miaka mingi, ilifunguliwa rasmi ikiwa lami mwaka 2018. Ni kweli kabisa kwamba Liwale, Loliondo, Makete na mabonde ya Rufiji na Kilombero yanahitaji magari yenye nguvu. Basi magari hayo yapelekwe huko. Daktari wa wilaya anayefuata ugonjwa wa mlipuko kijijini, mhandisi wa maji anayekagua chanzo mlimani, askari wa wanyamapori anayewafukuza majangili: hao ndio wenye haki ya Land Cruiser, na tena ile ya mkonga isiyo na viti vya ngozi, ambayo hutengenezwa kwa urahisi na fundi wa wilayani. Anayetaja matope ya Kilombero ili apate gari la kwenda Kivukoni anawatumia watu wa Kilombero kama ngazi.

Hoja ya pili ni usalama. Husemwa kwamba gari zito humlinda kiongozi. Lakini gari zito linalokwenda kasi ni hatari kwa wengine wote walio barabarani, na bonneti yake ndefu humpiga mtoto wa shule kifuani na kichwani mahali ambapo gari dogo lingempiga miguuni. Usalama wa kiongozi hutokana kwanza na dereva aliyelala usingizi wa kutosha, tairi nzima na mwendo wa sheria. Kiongozi anayetaka kulindwa kweli na amwambie dereva wake apunguze mwendo. Agizo hilo halina gharama.

Hoja ya tatu, ambayo haisemwi sana kwa sauti ingawa ndiyo mama wa nyingine zote, ni heshima ya ofisi. Mkuu wa idara akifika kijijini kwa gari dogo, je, watamsikiliza? Swali hili lenyewe ni matusi kwa wananchi. Wanakijiji humsikiliza mtu aliyeleta jibu la tatizo la kisima, zahanati au pembejeo. Aliyekuja mikono mitupu watamsahau hata kama angekuja kwa helikopta. Heshima inayobebwa na magurudumu hupasuka siku tairi linapopasuka.

Wala haya si mawazo mapya ndani ya uongozi. Mizengo Pinda, alipokuwa Waziri Mkuu kati ya mwaka 2008 na 2015, alikemea hadharani ununuzi wa mashangingi. Bajeti ya mwaka 2022/2023 ilipowasilishwa Bungeni, Waziri wa Fedha alipendekeza watumishi wenye stahili ya magari wakopeshwe wanunue yao, ili Serikali ipunguziwe mzigo wa kununua, kujaza mafuta na kutengeneza. Ukweli unaojitokeza katika pendekezo hilo ni wa kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja. Mtu yule yule aliyeapa kwamba kazi yake haiwezekani bila V8, akiambiwa anunue kwa fedha yake, ghafla hugundua kwamba gari dogo nalo hufika.

MWALIMU NA MKOPO WAKE

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kumkemea mkubwa peke yake na kumwacha mtumishi wa kawaida akipiga makofi. Kasumba haikai ghorofani tu. Imeshuka mpaka katika nyumba za walimu, makarani na wauguzi, na huko inaharibu zaidi, kwa kuwa mkubwa huchoma fedha ya umma na mwalimu huchoma ada ya watoto wake.

Mchukue mwalimu wa sekondari katika mji wowote mdogo. Anaishi kilomita nane kutoka shuleni, barabara ni lami au changarawe nzuri. Ana mke, watoto watatu na mama mzazi kijijini anayetembelewa mara tatu kwa mwaka. Kazi ya gari lake ni nyepesi kuieleza: kwenda na kurudi shuleni, kupeleka mgonjwa hospitali usiku, kufuata mahindi kijijini. Gari dogo lililotumika, lenye injini isiyozidi lita moja na nusu, linaitosha kazi hiyo yote. Tena hata sheria ya kodi inamshauri hivyo, kwani ushuru hupanda injini inapozidi ujazo wa lita moja na tena inapozidi lita mbili, na gari likiwa limezeeka mno hutozwa ziada.

Lakini mwalimu huyu amemwona mwenzake na gari refu. Anakwenda kukopa. Sheria imeweka ulinzi kwamba makato yasiguse theluthi moja ya mshahara, ili mtumishi abaki na cha kulia. Wakopeshaji wanalijua hilo vizuri, na mwalimu hukatwa mpaka ukuta wa theluthi. Gari linakuja. Mwezi wa kwanza linapigwa picha. Mwezi wa pili linakunywa mafuta ya theluthi iliyobaki. Mwezi wa tatu linaharibika kifaa kimoja ambacho bei yake ni mshahara mzima, na mwalimu anakimbilia wale wakopeshaji wa mitaani ambao mikopo yao wananchi wameipa jina la kausha damu. Kufikia mwisho wa mwaka gari limefunikwa turubai nyuma ya nyumba, mwalimu anakwenda shuleni kwa bodaboda, na makato yanaendelea kwa miaka iliyobaki. Aliyeonekana bwana kwa miezi mitatu amekuwa mtumwa kwa miaka mitano, na mtumwa huyo ndiye anayetakiwa kesho asubuhi asimame mbele ya watoto hamsini akiwa na akili iliyotulia.

Wa pili wa kuhurumiwa ni mstaafu. Mtumishi anayepokea kiinua mgongo hajawahi kuona fedha nyingi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja, na washauri hawakosekani. Wapo wanaomshauri anunue Fuso, wengine Haisi la abiria. Gari la mizigo ni chombo kizuri mikononi mwa mtu anayejua biashara ya mizigo: anayejua mazao yako wapi na mwezi gani, anayemjua fundi mwaminifu, anayeweza kulala chini ya gari likikwama Sekenke. Mwalimu aliyefundisha jiografia miaka thelathini anaifahamu Sekenke katika ramani, hilo halitoshi. Humkabidhi gari dereva, dereva humletea hesabu pungufu, kisha humletea injini iliyokufa. Nguvu kazi ya maisha mazima huishia gereji. Mstaafu mwenye shamba la ekari tano angefanya vyema zaidi kukodi kirikuu siku ya mavuno na kumlipa mwenyewe nauli yake. Kukodi si umaskini. Mwenye haja ya lori siku nne kwa mwaka hana sababu ya kulilisha lori siku zote nyingine.

Kanuni ni hiyo hiyo kwa familia kubwa. Wazazi wenye watoto wanne na wazee wawili nyumbani hawana sababu ya kununua shangingi kwa kisingizio cha nafasi. Noah hubeba watu hao wote kwa viti vyao, huingiza magunia nyuma, na siku ya msiba huwapeleka majirani. Fundi wa maji au mkulima wa bustani atapata faida katika pikapu ndogo, kwa sababu mzigo wake ni mchafu na wa kila siku. Kila mmoja na akae chini na karatasi, aandike safari zake za mwezi mmoja uliopita: alikwenda wapi, na watu wangapi, na mzigo gani, kwenye barabara ya namna gani. Karatasi hiyo itamchagulia gari kwa uaminifu kuliko dalali yeyote wa Dar es Salaam.

NANI ANAFAIDIKA?

Msomaji atauliza kasumba hii inalishwa na nani hata ikawa na nguvu namna hii duniani pote. Jibu ni la kibiashara. Mwaka 1975 Marekani, ikiwa bado inauguza jeraha la mafuta la mwaka 1973, ilipitisha sheria ya kuyabana magari yatumie mafuta kidogo. Lakini sheria ile iliyatenga magari ya abiria na magari mepesi ya mizigo, na ya mizigo yakapewa kiwango cha huruma, kwa kuwa yalidhaniwa kuwa ya wakulima na mafundi. Makampuni yakauona mlango huo. Yakachukua fremu ya pikapu, yakaifunika paa na viti, yakaiita gari la familia. Kwa kuwa bei yake ni kubwa na faida yake ni nono, matangazo yakamwagwa ya milima na mito ambayo mnunuzi hatafika kamwe. Mwaka 2018 kampuni ya Ford ilitangaza kuachana karibu kabisa na magari madogo ya kawaida katika soko la Marekani, na kufikia mwaka 2023 karibu nusu ya magari yote mapya yaliyouzwa duniani yalikuwa ya aina hii ya marefu.

Kwa hiyo Mtanzania anayejiona amechagua kwa hiari yake, mara nyingi amechaguliwa. Amechaguliwa katika vyumba vya mauzo vya ng'ambo na watu wasiojua kwamba yupo. Gari linazeeka huko, linapakiwa melini, linashushwa bandarini Dar es Salaam, na tamaa iliyotengenezewa matajiri inalipiwa na mshahara wa mwalimu wa Singida. Kujitegemea hakuishii katika kulima chakula. Kunaanzia katika kuweza kusema: haja yangu naijua mwenyewe.

YAPASAYO KUTENDWA

Yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wa nchi na hayahitaji mfadhili. Kwanza, kila taasisi inayoomba gari iandike kwanza kazi, ndipo itaje gari: safari ngapi, watu wangapi, barabara gani. Ununuzi wa magari ya Serikali hupitia kwa wakala mmoja. Ombi lisilo na maelezo hayo na lirudishwe lilikotoka. Pili, magari yenye nguvu ya magurudumu manne yahesabiwe upya, na yale yanayozunguka mijini yahamishiwe wilaya zenye njia mbaya, kuanzia idara za afya, maji na kilimo. Tatu, watumishi wanaokwenda mahali pamoja kwa saa ile ile wapande chombo kimoja. Kosta moja hubeba watu 29. Watu hao 29 wakienda Mtumba kila mmoja na gari lake, ni injini 29 zinazochomwa kwa kazi ya injini moja. Mabasi ya wafanyakazi yalikuwa jambo la kawaida katika mashirika ya umma zamani, na hakuna aliyekufa kwa kukaa kiti kimoja na mwenzake.

Nne, vyama vya akiba na mikopo vya walimu na watumishi viwe na ujasiri wa kumwonyesha mwanachama hesabu nzima ya gari kabla ya kumpa mkopo: mafuta, bima, tairi na matengenezo kwa miaka yote ya deni. Chama kinachompa mwanachama mkopo wa kumzamisha hakitofautiani sana na kausha damu.

Na wale ambao bado wanaamini kwamba gari dogo ni la watu wadogo, na wautazame mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mama mjamzito akipata dharura kijijini, simu hupigwa bure namba 115. Gari la wagonjwa likiwa mbali, huitwa dereva wa kijamii aliye karibu, mwenye gari lake la kawaida la kubebea abiria, naye humkimbiza mama hospitali na kulipwa kwa safari hiyo. Gari hilo huenda limebonyea ubavuni, na kiti chake cha nyuma kimeshonwa mara mbili. Usiku huo limebeba uhai wa watu wawili. Hakuna shangingi lililoegeshwa mbele ya ofisi ya lami, injini ikinguruma ili hewa ibaki baridi, linaloweza kudai heshima inayolingana na hiyo.

Mtumishi wa umma na mwalimu ndio wanaotazamwa na vijana wa nchi hii. Wakipima watu kwa urefu wa magari yao, vijana nao watapima hivyo hivyo, na watatafuta magari hayo kwa njia yoyote, ikiwamo ya wizi. Wakikaa na karatasi wakaiacha kazi ichague, watakuwa wametoa somo ambalo halimo katika mtaala wowote. Ofisi ina kazi, shule ina kazi, shamba lina kazi. Gari na litafute nafasi yake hapo, na lisiloipata libaki dukani.